Viberiti vya Robo Saa

Shangazi alipiga kiberiti, akaichomeka njiti katikati ya tambi za jiko, akaenda kuoga. Aliporudi, taulo begani, njiti ndiyo kwanza ilikuwa inashika moto. Akabandika birika, akavuta kigoda, akaanza kupaka miguu mafuta.

"Viberiti vya mwezi huu ni vizuri," alisema. "Havina ubishi."

Mtoto wa kaka yake, ambaye alimlea tangu akiwa wa kubebwa, alikuwa mlangoni akifunga vifungo vya shati. Kazini walimwita Nukta, kwa sababu hakuwahi kuruhusu sentensi itoke ofisini ikiwa wazi nyuma. Alimkubalia Shangazi kwamba viberiti ni vizuri, akakaa kungoja chai.

Mtaa mzima ulitumia viberiti hivyo. Vilitengenezwa katika kiwanda alichofanyia kazi Shangazi, nyuma ya kituo cha mafuta. Vilikuwa vikavu, vya bei nafuu, na viliwaka robo saa baada ya kupigwa. Watu walishazoea. Mvuta sigara alipiga njiti yake kabla ya kunawa mikono, akala, akashiba, na moto ukamkuta tayari. Umeme ukikatika, watu walipiga njiti kisha wakakaa gizani wakipiga soga, na ugomvi mwingi wa wanandoa uliishia hapohapo, maana ni vigumu kumnunia mtu usiyemwona.

Kiwanda chenyewe kilionekana saa za soko la hisa tu. Asubuhi mahali pale palikuwa na nyasi na mbuzi wa fundi viatu. Soko likifunguliwa, baada ya robo saa lilitokea lango, kisha ukuta, kisha king'ora, na mbuzi wakasogea wenyewe bila kufukuzwa. Jioni wafanyakazi walitoka upesi, kwa sababu aliyezubaa alijikuta amekaa kwenye umande. Mshahara ulifika kwa kuchelewa, lakini hilo lilikuwa hivyo kila mahali, kwa hiyo halikumtambulisha mtu yeyote kuwa wa ajabu.

Kwa nini kiwanda kilikuwa hivyo, hakuna aliyeuliza. Ukishapata kiberiti cha bei nafuu unauliza nini tena?

Nukta alikuwa katibu wa kamati ya kiwango cha pamoja. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza na ni balaa kuifanya. Watu wanaouza habari za soko la hisa, yaani bei, na nani kanunua nini, na kampuni ipi imemeza ipi, kila mmoja ana namna yake ya kuandika. Kampuni moja inapewa namba hii na huyu, namba ile na yule. Benki inayonunua habari kwa wote inalazimika kuajiri watu wa kutafsiri namba kutwa nzima. Kamati iliundwa ili wote waandike jambo moja kwa namna moja. Nukta alikuwa ameitumikia kazi hiyo tangu hana mvi hata moja, na sasa alikuwa na mvi kadhaa, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda bustani zao.

Wauzaji walikuwa watatu. Bwana Sekunde aliuza bei za papo hapo kwa wenye uwezo, na ukutani kwake palibandikwa maneno: Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Mama Kumbukumbu aliuza bei za zamani, na hakuna kampuni iliyowahi kufa asijue ilizikwa lini. Bwana Bure alimpa bei mtu yeyote mwenye simu bila malipo, mradi angoje robo saa, kwa sababu bei zikiwa bado moto zilikuwa mali ya Bwana Sekunde na mkataba ulimkataza kuzigusa. Ukutani kwake palibandikwa: Kawia ufike. Wawili hawa walitaniana miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kamati ilikuwa na desturi moja. Chupa ya chai ilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa mfukoni mwa Mwenyekiti, na kabati halikufunguliwa mpaka mstari mmoja wa kiwango upite kwa kura za wote. Kuna wiki waligombania maana ya "siku ya kazi" mpaka Mama Kumbukumbu akaanza kutafuna penseli.

Ila mstari ukipita, ulipita kweli. Kampuni ya saruji iliyokuwa na namba tatu kwa wauzaji watatu ilikuwa na malango matatu, na madereva wa malori walizoea kuulizana, "Unaingilia la nani leo?" Mstari wake ulipoanza kutumika, Jumatatu asubuhi lilikutwa lango moja. Mameneja watatu nao wakawa mmoja, akiwa amenenepa kidogo, na walinzi waliozidi wakahamishiwa bustanini. Mwenyekiti aliandika barua ya pongezi na mambo yakaendelea.

Siku hiyo walikuwa wamefika kwenye safu ya hali ya kampuni.

"Namba nne," alisema Mwenyekiti. "Kwenu ni nini?"

"Imefungwa kabisa," alijibu Bwana Sekunde, kabla swali halijaisha.

"Imefungwa kabisa, na tarehe pembeni," alisema Mama Kumbukumbu.

Bwana Bure alilamba kidole, akafunua kurasa zake. "Kwetu sisi, nne ni 'Inaendelea, imechelewa'."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za baba. Kwetu kila kitu kinachelewa, Mwenyekiti. Tulihitaji namba yake."

Mwenyekiti alilitazama kabati la chai kwa huzuni. Nukta akageukia kompyuta yake, akatafuta kampuni zilizowahi kutangazwa kwa namba nne huku mitambo ya Bwana Bure ikizisoma kuwa zinaendelea. Karibu zote zilisharekebishwa kwa simu. Ilibaki moja tu, nayo ilikuwa kiwanda cha viberiti nyuma ya kituo cha mafuta.

"Hicho kipo," alisema Bwana Bure.

"Hicho kilivunjwa," alisema Bwana Sekunde. "Nilitangaza mimi."

"Shangazi yangu yuko humo sasa hivi," alisema Nukta. Alisema kwa sauti ya kawaida. Alikuwa ameuona mstari ujao kabla ya wenzake. Nne ikishakuwa moja kwa wote, kiwanda hakitakuwa na pa kusimama. Na mstari huo alikuwa ameuandika yeye.

"Basi twendeni tukaone," alisema Mwenyekiti. "Mstari haupiti kwa kukaa."

Hapakuwa mbali, walikwenda kwa miguu. Mlinzi aliwafungulia lango, wakaingia wote isipokuwa Bwana Sekunde, ambaye alipita palepale walipopita wenzake akatokea upande wa pili, suruali imejaa mbegu za nyasi.

"Hakuna kitu hapa," alisema.

"Una simu ya bei za papo hapo?" aliuliza mlinzi.

"Ninazo mbili."

"Ziweke kwenye sahani hii, mzee. Watu wa kwenu huwa wanatusumbua."

Bwana Sekunde aliweka simu zake kwenye sahani, akageuka, akagonga pua kwenye lango. "Lipo," alisema, akiishika pua.

Ndani mashine zilikuwa zikiunguruma na kulikuwa na harufu ya gundi. Shangazi alikuwa kwenye meza ya kufungasha, akibandika lebo bila kuziangalia.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Sekunde.

"Marahaba, mwanangu. Mbona pua imevimba? Karibuni, jamani, vuteni masanduku mkae."

Nukta alimwuliza alichokuwa hajawahi kumwuliza miaka yote ile, yaani ilikuwaje. Shangazi alieleza huku akibandika.

"Siku ile nilikuwa nimekaa hapahapa. Matajiri waliamua kukifunga kiwanda. Wanaolipia habari wakapata habari, wakauza hisa zao, wakaenda kula. Na sisi tulikuwa na hisa, tulipewa kwa utumishi mrefu, zangu nilizilalia chini ya godoro. Redio ikatutangazia robo saa baadaye. Zikawa karatasi za kufungia karanga." Alibandika lebo nyingine. "Robo saa, wenzangu! Mtu unakwenda chooni unarudi, umeshakuwa mjinga."

"Kisha?" aliuliza Mama Kumbukumbu, ambaye tarehe alikuwa nayo lakini hadithi hakuwa nayo.

"Kesho yake tulikuja kuchukua vikombe vyetu. Tukakuta lango wazi na mashine zinaunguruma. Ungefanya nini wewe? Tukavaa aproni."

Hakuna aliyeona kosa katika maelezo hayo. Waliaga, na kila mmoja akapewa kiberiti kimoja cha zawadi. Pale langoni Bwana Sekunde, aliyekuwa akirudisha simu zake mfukoni, alitoa njiti moja akaipiga. Akaitazama. Akaipuliza. Akaitazama tena.

"Mbovu," alisema, akaitia mfuko wa koti.

Waliporudi mkutanoni Nukta aliomba kusema kabla ya kura. Hakuwa na desturi ya kuomba kusema, kwa hiyo wote walimgeukia.

"Napendekeza kifungu kipya," alisema. "Habari ya kampuni kufungwa iwafikie watu wote wakati mmoja, anayelipa na asiyelipa."

Bwana Sekunde hakukasirika. Alikuwa mtu mzuri, na alijibu kwa upole kama anavyojibu mtu mzuri mwenye mkataba mzuri. "Dada yangu, nakuheshimu sana. Lakini hicho si kiwango, hiyo ni biashara yangu. Kiwango kinasema jambo liandikwe vipi. Hakisemi lifike lini."

Bwana Bure alitazama viatu vyake. Mama Kumbukumbu alisema kumbukumbu zake hazina mfano wa jambo kama hilo. Kifungu kikaanguka. Mwenyekiti akaona afadhali lile la kungoja liandikwe wazi ili lisilete ubishi siku za usoni, na Nukta akaandika kwa mkono wake kwamba habari zitawafikia wanaolipa papo hapo, na wasiolipa baada ya robo saa. Akatia nukta. Moyo ulimwuma, lakini sentensi ilikuwa safi.

"Sasa nne," alisema Mwenyekiti. "Anayeunga mkono kwamba iwe imefungwa kabisa, kwa wote?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Kumbukumbu alikuwa ameshika zawadi yake mapajani na aliona aibu. Bwana Bure alisema labda tuahirishe, kawia ufike. Nukta alianza kupumua.

"Bwana Sekunde," alisema Mama Kumbukumbu, "unaungua."

Ni kweli, mfuko wa koti ulikuwa ukitoa moshi, kisha ukatoa moto. Bwana Sekunde aliruka juu. "Maji!"

"Maji hakuna," alisema Mwenyekiti. "Kuna chai, kabatini."

"Fungua!"

"Mstari haujapita."

"Upitisheni! Upite! Naunga mkono!"

Mikono ikanyooshwa kuzunguka meza, na wa Nukta ukiwemo, kwa sababu mtu hawezi kukaa akamtazama mwenzake anaungua kwa ajili ya safu. Mwenyekiti alihesabu, akatamka kwamba umepita, akatafuta ufunguo mfuko wa kushoto, akaupata mfuko wa kulia, na Bwana Sekunde akamwagiwa chupa nzima. Moto ukazimika. Chai ilikuwa na sukari nyingi, na koti lile halikuvalika tena.

Jioni Nukta alimweleza Shangazi kila kitu, mpaka ule mkono wake. Kiwango kingeanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Alitarajia kulaumiwa, na angefurahi kulaumiwa.

Shangazi alipiga njiti ya taa, akaiweka. Wakakaa gizani.

"Hicho kiwango chenu," sauti ya Shangazi iliuliza, "kitafanya sote tusikie pamoja?"

"Hapana, Shangazi. Kitafanya sote tusikie kwa maneno yaleyale."

"Wao mapema, sisi baadaye, ila kwa maneno yaleyale."

"Ndiyo."

"Haya. Yale ya zamani sikuyaelewa vizuri, kumbe shida ilikuwa maneno." Akacheka mpaka akakohoa, na Nukta, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta naye anacheka. Kisha Shangazi akavuta kigoda karibu naye. "Nimezeeka na ile mashine ya kuchovya njiti, mwanangu. Nitaililia kama mtu."

Taa ilipowaka Nukta alikuwa ameshakaa mezani na kiwango chote mbele yake. Alikisoma safu kwa safu. Palikuwa na safu ya jina la kampuni, ya namba yake, ya bei, ya sarafu, ya hali yake. Hapakuwa na safu ya mashine. Kiwango kingeweza kuifunga kampuni, lakini mashine iliyokwisha kutoka nje ya lango hakikuwa na pa kuiandika. Hapakuwa na safu ya watu vilevile, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake jambo hilo lilimfurahisha.

"Shangazi," alisema, "Ijumaa mtakuwa na kazi nyingi?"

Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kianzishwe, wafanyakazi walijua jambo kabla ya wenye hisa. Ijumaa ile hawakutengeneza njiti hata moja. Jirani wa Shangazi, anayefanya kazi kiwanda cha sabuni mtaa wa pili, aliazima mkokoteni kwa binamu yake akausukuma mwenyewe, kwa sababu hakumwamini binamu. Walitoa mashine ya kuchana mbao, mashine ya kuchovya, meza, saa ya ukutani, na vikombe walivyokuja kuvichukua siku ile ya kwanza wakavisahau. Mlinzi hakutaka kubaki bila kazi, kwa hiyo aling'oa lango, akajitwisha, akaufuata mkokoteni. Shangazi alilia kidogo, akapenga kamasi, akauliza nani amebeba gundi.

Jumatatu soko lilifunguliwa. Robo saa ikapita. Mbuzi wa fundi viatu walisogea kwa mazoea, wakangoja, wakaona hakuna kinachotokea, wakarudi kula. Kiwango cha pamoja kilikuwa kimeanza kazi, na kilifanya kazi vizuri.

Viberiti sasa vinatengenezwa uani kwa Shangazi, chini ya mabati, kutwa nzima bila kujali soko. Lango limesimama katikati ya ua. Halizuii kitu chochote, na mlinzi hulifungua asubuhi na kulifunga jioni. Njiti zinawaka robo saa baada ya kupigwa, kama zamani. Fundi wa mashine alijaribu kubadilisha dawa ya njiti, haikusaidia, wakaiacha.

Siku moja mchana kamati ilikuja uani kupongezana, maana mstari wa mwisho ulikuwa umepita na Mwenyekiti alitaka kunywa chai isiyo na kura. Jirani wa sabuni alikuwepo pia, akingoja zamu yake ya mchana, akiwachekesha wote kwa habari za binamu yake. Shangazi alipiga njiti, akaichomeka kwenye jiko, akakaa.

"Hakuna kiberiti cha papo hapo?" aliuliza Bwana Sekunde, aliyevaa koti jipya.

"Kipo dukani," alisema Shangazi. "Hapa sote tunangoja."

Bwana Bure alicheka sana. Bwana Sekunde naye akacheka, akanyoosha miguu, akasema kwa kweli kukaa hivi kunapumzisha. Hapo simu yake ikalia mara moja. Aliisoma. Uso ukambadilika. Akamtazama jirani, ambaye alikuwa katikati ya kisa, mikono hewani, akiigiza binamu yake akianguka na mkokoteni.

Bwana Sekunde hakusema neno, maana mkataba ulimkataza. Aliiweka simu mezani, kioo juu, akaisogeza kidogo kuelekea kwa Nukta, kisha akaanza kuyasifia mabati ya Shangazi.

Nukta akasoma. Ilikuwa namba nne, imeandikwa vizuri, katika safu yake, kama alivyoiandika yeye. Jina lilikuwa la kiwanda cha sabuni. Simu ya Bwana Bure ilikuwa pembeni yake, imetulia, haijui kitu.

"Nini?" aliuliza Shangazi.

"Sabuni," alisema Nukta.

Shangazi hakuuliza tena. Aliweka chini kikombe chake kitupu. "Jirani, vaa viatu. Mlinzi, lete mkokoteni."

"Mbona hata sijamaliza kisa?"

"Utamalizia njiani. Tuna robo saa."

Waliondoka wote. Mwenyekiti alisukuma upande mmoja na Mama Kumbukumbu upande mwingine, akiitaja tarehe kwa sauti asije akaisahau. Bwana Bure alibeba kamba. Bwana Sekunde alikwenda nyuma yao akitazama mawingu, ili asionekane anakwenda popote, ila kwenye kilima alisukuma.

Mlinzi wa kiwanda cha sabuni aliwasimamisha langoni. Alikuwa na redio begani, inapiga muziki.

"Mnakwenda wapi na mkokoteni? Kuna nini?"

"Utaambiwa," alisema Shangazi, "lakini bado kidogo. Shika upande ule."